Jinai na Madai: Milango Miwili ya Mahakama



Karatasi yenye muhuri wa mahakama inapoingia katika nyumba ya mkulima, mara nyingi haisomwi na mkulima peke yake. Hupelekwa kwa mwalimu wa shule ya jirani, au kwa afisa mtendaji wa kijiji, au kwa bwana shamba, kwa kuwa hao ndio wanaoaminika kuwa wanayajua maandishi ya Serikali. Mwalimu huipitisha macho karatasi ile, kisha akasema: "Unaitwa mahakamani tarehe kumi na nne." Basi, mazungumzo yameishia hapo. Lakini karatasi ile yaweza kuwa wito wa shahidi. Yaweza kuwa hati ya madai ya mtu anayetaka fedha zake. Yaweza kuwa amri ya kufika kujibu mashtaka. Kila moja ina siku zake na ina madhara yake kwa asiyeitii. Anayeisoma kwa haraka humpoteza mwenziwe, hata kama moyo wake ni safi.

Wapo wananchi wengi wanaopoteza haki zao mahakamani hali hoja zao zilikuwa nzuri. Walichokosa ni utaratibu: walibisha hodi katika mlango usio wao, au walifika katika mlango wao siku zikiwa zimekwisha. Kwa hiyo elimu ya mwenendo wa mashauri haifai kuachwa iwe mali ya mawakili wa mijini tu. Inamhusu kila mtumishi ambaye wananchi humwendea kwa ushauri, na zaidi inamhusu kwa sababu yeye mwenyewe, kama itakavyoonekana, ni sehemu ya utaratibu huo.

Milango ya mahakama ni miwili: wa jinai na wa madai. Kosa la jinai huhesabiwa kuwa limetendwa dhidi ya jamii nzima, hata kama aliyeumia ni mtu mmoja. Ndiyo maana shauri huandikwa kwa jina la Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyeibiwa au aliyepigwa ni mlalamikaji na shahidi. Mwenye kesi ni Jamhuri, kupitia Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambayo tangu sheria ya mwaka 2008 imekuwa ikiichukua kazi ya uendeshaji mashtaka iliyokuwa mikononi mwa polisi. Lengo la shauri la jinai ni kumwadhibu mkosaji. Shauri la madai, kwa upande wake, ni la mtu na mtu, au mtu na kampuni, au mtu na Serikali. Mdai anataka alipwe deni, arudishiwe mali, afidiwe hasara, au mkataba wake uheshimiwe. Hakuna anayetafutiwa kifungo katika shauri hilo; kinachotafutwa ni haki ya mdai irudi mikononi mwake.

Mkanganyiko mkubwa umo katika madeni. Mtu amemkopesha mwenziwe shilingi laki tano, muda wa kulipa umepita, naye anakwenda kituo cha polisi kuomba mdaiwa akamatwe "ili atie akili". Kushindwa kulipa deni si jinai. Aliyekopa kwa nia njema kisha mavuno yakamwangusha ana deni, hana kosa. Jinai huanza pale mtu alipotumia hila tangu mwanzo: alipoonyesha hati ya kughushi, alipouza kiwanja cha mwingine, alipojidai kuwa afisa asiyekuwa yeye. Askari anayegeuza kituo kuwa ofisi ya kukusanya madeni anatoka nje ya kazi yake, na mwananchi anayempelekea kazi hiyo anamfundisha kutoka. Vilevile anajidhuru, kwa maana miaka inayokwenda katika safari za kituoni inahesabiwa katika ukomo wa kufungua madai yake.

Tendo moja, hata hivyo, laweza kufungua milango yote miwili. Dereva mzembe amemgonga mtoto akamvunja mguu. Jamhuri itamshtaki dereva kwa kuendesha gari kwa uzembe. Na mzazi kwa upande wake anaweza kufungua shauri la madai apate fidia ya matibabu na ulemavu. Dereva kutozwa faini hakumlipi mzazi. Wala dereva kuachiliwa na mahakama ya jinai hakumfungii mzazi njia ya madai, kwa sababu vipimo vya ushahidi havifanani. Katika jinai, Jamhuri lazima ithibitishe mashtaka pasipo kuacha shaka yenye maana. Shaka ikibaki, faida yake ni ya mshtakiwa. Katika madai, anayeshinda ni yule ambaye ushahidi wake umezidi uzito wa ushahidi wa mwenziwe katika mizani. Kifungo humwondolea mtu uhuru wake, na ndiyo maana sheria imekipandishia kipimo.

Shauri la jinai huanza kabla ya mahakama, kwa kukamatwa. Mtu anapokamatwa ana haki ya kuelezwa sababu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka saa 4 za msingi za kumhoji tangu alipozuiliwa, na inaruhusu muda huo kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo pasipo nyongeza halali yanaweza kukataliwa mahakamani, hata kama yana ungamo zima ndani yake. Aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, asipoweza kufikishwa mahakamani katika saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kuliangalia shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Anayebaki mahabusu lazima afikishwe mbele ya hakimu mapema iwezekanavyo. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifunguliwe mashtaka mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ila kwa makosa makubwa yaliyotajwa. Lengo la marekebisho hayo lilikuwa kuondoa ile hadithi ya kesi kutajwa na kuahirishwa mwezi baada ya mwezi huku mshtakiwa akioza rumande.

Hapa kwenye dhamana ni lazima msafara usimame kidogo, maana hapa damu imemwagika. Mtuhumiwa wa wizi amefikishwa kituoni Jumatatu. Jumatano anaonekana sokoni akinunua nyanya. Watu wanaambiana kwamba amehonga, kwamba Serikali imewaachia wezi. Siku nyingine akipigiwa kelele ya mwizi, kundi linachukua mawe na matairi, likisema limechoka kuwapeleka polisi watu wanaorudi. Hayo ni mauaji, na wanaoshiriki ni wauaji mbele ya sheria, hata wakiwa mia moja. Na chanzo chake mara nyingi ni kutojua jambo moja tu: aliyetoka kwa dhamana hajaachiliwa. Kesi yake ipo palepale. Dhamana ni ahadi ya kurudi siku iliyotajwa, iliyoshikiliwa na wadhamini watakaodaiwa yeye asipofika. Nayo haiuzwi, anayetaka fedha ili aitoe anatenda kosa, na anayempa anatenda kosa pia.

Msingi wake umo katika ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kuwa anayo. Kweli, sheria imeyatoa baadhi ya makosa katika dhamana, yakiwamo mauaji, uhaini, ujambazi wa kutumia silaha na ugaidi. Juu ya jambo hili mahakama zenyewe zimebishana na Serikali kwa muda mrefu. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilikitangaza kifungu kimoja cha kunyima dhamana kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilikibatilisha kifungu kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Lakini mwaka 2020, orodha ya makosa yasiyo na dhamana ilipopingwa na Mahakama Kuu ikakubaliana na mpingaji, Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, na orodha ikabaki. Mwalimu wa uraia anayetaka mfano wa jinsi Katiba inavyofanya kazi haina haja autafute mbali.

Mshtakiwa akisimama kizimbani husomewa hati ya mashtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Wengi hudhani swali hilo ni la desturi tu. La hasha. Jibu lake laweza kuimaliza kesi palepale. Mtu wa kawaida, mwenye hofu, anaulizwa kama alichukua ng'ombe wa fulani, anajibu, "Ni kweli nilimchukua, ila alikuwa ng'ombe wangu, nilimkopesha." Maneno yale ya mwisho ni utetezi. Tangu mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipofafanua hatua za kufuata, imekuwa wazi kwamba mashtaka yaelezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, kisha asomewe maelezo ya kosa aulizwe kama anayakubali. Na akiongeza jambo linalopingana na kosa, basi iandikwe kwamba amekana. Hukumu zilizotolewa pasipo hatua hizo zimefutwa katika rufani mara nyingi.

Lugha nayo ilikuwa na mgogoro wake. Kwa miaka mingi, nje ya Mahakama ya Mwanzo, shahidi alisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza, na mshtakiwa akapewa nakala ya hukumu asiyoweza kuisoma juu ya maneno aliyoyasema mwenyewe. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki kutumika pale tu haki inapohitaji. Ni hatua ambayo ingefaa ichukuliwe mapema zaidi. Nchi iliyoendesha elimu ya watu wazima kwa Kiswahili haikuwa na sababu ya kuwahukumu watu wazima haohao kwa lugha nyingine.

Mshtakiwa akikana, Jamhuri ndiyo huanza kuleta mashahidi. Ushahidi wa Jamhuri ukimalizika na ikaonekana kuwa hata ukiaminiwa wote hautoshi, hakimu hutamka kuwa mshtakiwa hana kesi ya kujibu, na huo si upendeleo. Ikiwa anayo kesi ya kujibu, huelezwa haki yake ya kujitetea kwa kiapo au kunyamaza, na kuita mashahidi wake. Hukumu lazima iwe na sababu zake ndani, siyo matokeo tu. Na iangaliwe tofauti hii: mashtaka yakiondolewa na upande wa mashtaka kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa huachiwa, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Aliyeachiliwa huru baada ya kesi kusikilizwa na kuamuliwa hashtakiwi tena kwa kosa hilo.

Sasa walimu wanaingia. Katika makosa dhidi ya wanafunzi, mwalimu si mtazamaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kulala na msichana wa chini ya miaka 18 kuwa ubakaji hata kama yeye alikubali, ila kwa aliyeolewa kwa mujibu wa sheria. Na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Adhabu hizo ni kali, na kwa sababu ni kali mahakama huuchunguza ushahidi kwa jicho kali. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba umri wa mtoto katika mashtaka ya namna hii haudhaniwi, unathibitishwa. Kuutaja katika hati ya mashtaka hakutoshi. Nani atauthibitisha? Mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kama kipo. Na kwamba msichana alikuwa mwanafunzi, hilo huthibitishwa na shule, kwa rejista yake. Rejista iliyoandikwa kwa penseli, yenye tarehe mbili za kuzaliwa kwa mtoto mmoja, ni zawadi kwa utetezi. Mwalimu mkuu aliyeitwa na akakosa kufika kwa sababu ya semina amemsaidia mshtakiwa kuliko wakili wake. Hata kielelezo kikiletwa vizuri, kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti mshtakiwa akisikie. Vielelezo vingi vimeondolewa katika kumbukumbu za mahakama kwa kukosa kusomwa tu, ikiwamo fomu ya polisi ya matibabu, ile PF3.

Mtoto mwenyewe anaweza kuwa shahidi. Tangu mwaka 2016, mtoto wa umri usiozidi miaka 14 huruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima kwanza aahidi kwamba atasema kweli na hatasema uongo, na ahadi hiyo iandikwe. Ni sentensi moja tu, lakini kutokuwapo kwake kumefungua magereza. Wanaomwandaa mtoto kwa siku ya mahakama wasimfundishe la kusema, hilo humharibia. Wamweleze tu kwamba ataulizwa maswali na watu wazima, kwamba akiwa hajui aseme hajui, na kwamba halazimiki kumwogopa yeyote mle ndani.

Halafu yapo yale yanayoitwa kumalizana kifamilia. Baba wa msichana amepokea ng'ombe wawili, mashahidi wamehama kijiji, na kesi inaahirishwa mpaka inakufa. Wazee wa pande zote mbili huamini kwa dhati kwamba wamefanya suluhu. Inafaa waambiwe waziwazi kwamba kesi ile haikuwa yao hata waifute, ni ya Jamhuri. Sheria inaruhusu upatanisho katika makosa madogo ya watu binafsi, kama vile kupigana kwa makofi kati ya majirani, na ni vizuri utumike huko. Haikuuruhusu katika ubakaji.

Mlango wa madai una taratibu zake, nao umri wake mahakamani ni mkubwa. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliingiza mwaka 1920 sheria ya mwenendo wa madai iliyotungwa India mwaka 1908, ikatumika mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966. Wananchi Waafrika kwa sehemu kubwa walihukumiwa katika mahakama za wenyeji, ambamo mtawala na mwamuzi waliweza kuwa mtu mmoja. Ni sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963 iliyoziweka mahakama zote katika ngazi moja kwa watu wa rangi zote: ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, zikikata rufani kwenda Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliundwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Zanzibar ina mahakama zake, zikiwamo za makadhi, ila kileleni hukutana na Bara katika Mahakama ya Rufani kwa mashauri mengi.

Kanuni ya kwanza katika madai ni kwamba shauri lifunguliwe katika mahakama ya chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai madogo, mirathi na ndoa za kimila na za Kiislamu, na masharti yake ya maandishi ni mepesi. Migogoro ya ardhi ina njia yake ya pekee iliyowekwa na sheria ya mwaka 2002, kupitia mabaraza. Na wananchi waambiwe kwamba tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na suluhu ikishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kanuni ya pili ni siku. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mdai wa mkataba miaka 6, mdai wa fidia ya madhara kama ya ajali au kashfa miaka 3, na mdai wa ardhi miaka 12. Siku zikipita, shauri hufukuzwa hata kama mdaiwa mwenyewe hakusema neno. Mfanyakazi wa sekta binafsi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku thelathini! Wengi huzimaliza wakimbembeleza mwajiri.

Anayetaka kuishtaki Serikali lazima kwanza aipe notisi ya siku 90, na nakala impate Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mwaka 2020 masharti hayo yanahusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa katika shauri. Siku hizo tisini zilikusudiwa kuwa nafasi ya Serikali kuyatazama madai na kuyalipa yaliyo ya kweli kabla ya gharama za kesi. Lakini notisi huingia masijala, ikagongwa muhuri, ikawekwa katika faili, faili likapelekwa kwa afisa aliye likizo, na siku ya tisini na moja Serikali ikajikuta mahakamani kwa deni la mzabuni wa chakula cha wanafunzi ambalo hakuna aliyelikana. Riba na gharama za shauri lile hulipwa na mkulima kwa kodi yake. Afisa anayeikalia notisi afahamu kwamba ameandika hundi kwa fedha zisizo zake.

Shauri la madai hufunguliwa kwa hati ya madai inayoeleza nani anamdai nani, nini, kwa sababu gani, na kwa nini katika mahakama ile. Mdaiwa hupelekewa wito pamoja na nakala. Na hii ndiyo ile karatasi ya tarehe kumi na nne. Katika Mahakama ya Wilaya na kuendelea, mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha majibu kwa maandishi, tangu siku alipopokea wito. Haitoshi kungoja siku ya kutajwa aje kueleza kwa mdomo. Asipojibu, mdai anaweza kuomba kuthibitisha madai yake upande mmoja, na hukumu ikatoka mdaiwa akiwa shambani. Inaweza kutenguliwa, ila lazima aonyeshe sababu ya kutosha. Na "sikuelewa karatasi" ni sababu dhaifu. Kukataa kupokea wito, au kumficha mzee ndani ili mpelekaji asimkute, hakuzuii kitu, kwani sheria inazo njia nyingine za kupeleka wito, hata kwa kuubandika mlangoni.

Majibu yakishaingia, pande mbili hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Wengi hupokea hatua hii kama usumbufu, hali ndiyo inayofanana zaidi na baraza la wazee walilolizoea. Ikishindikana, mahakama huandika hoja zinazobishaniwa, na kila upande huthibitisha lake. Anayedai ndiye anayethibitisha. Ushahidi haupimwi kwa wingi wa watu, maana sheria haikuweka idadi ya mashahidi; shahidi mmoja anayeaminika hutosha. Lakini stakabadhi, mkataba uliosainiwa, hata kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe na kiasi, humwokoa mtu pale mashahidi wanapoanza kusahau. Kumwandikisha ndugu hati ya mkopo si kumtukana.

Kushinda bado si kulipwa. Mshindi lazima aombe hukumu ikaziwe, na hapo ndipo dalali wa mahakama anapokuja kukamata mali. Hata yeye ana mipaka: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za kazi za fundi havikamatwi. Na dalali aje na amri ya mahakama mkononi, iombwe na isomwe kabla hajagusa kitu.

Zimebaki rufani, na humo siku ndizo zinazotawala kupita popote. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Katika jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, anayetaka kwenda Mahakama Kuu hutoa notisi ya nia ya kukata rufani ndani ya siku 10, kisha hati ya rufani yenyewe ndani ya siku 45. Katika madai ya mahakama hizo, siku za kuipinga hukumu ni 90. Muda uliotumika kungoja nakala za mwenendo na hukumu huondolewa katika hesabu, ila kwa aliyeziomba. Ombi liandikwe siku ileile hukumu iliposomwa, lipelekwe kwa mkono, na mwombaji abaki na nakala yake iliyogongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Aliyefungwa hana haja ya kumtuma ndugu mjini kwa jambo hilo: sheria inamruhusu kumkabidhi mkuu wa gereza hati zake, naye mkuu wa gereza huzifikisha mahakamani.